Wimbo wa Usiku Mtakatifu na Ubeti Uliosahauliwa

Sikukuu ya Noeli ikaribiapo, katika nyumba nyingi za Wakristo watoto huanza kuimba wimbo mmoja kabla ya kuagizwa na mtu. Mama huuimba akipepeta mchele, mwalimu huufundisha darasani, na bibi mzee asiyejua kusoma huuimba kwa moyo pasipo kitabu. Ni wimbo tuuitao Usiku Mtakatifu. Wengi hudhani kuwa ni wimbo wa kubembelezea watoto tu, wimbo mtamu wa hori na nyota. Walakini ulimwenguni wimbo huu una sifa nyingine iliyo kubwa zaidi: wajulikana kuwa wimbo wa amani. Mwezi huu, wasomaji wapenzi, twapenda kuwaeleza jinsi ulivyoipata sifa hiyo. Kisha tutawaonyesha ya kuwa sifa hiyo ni kama mali ya urithi, ambayo mrithi aweza kuitunza, na mrithi aweza kuitapanya.

Nchi iliyochoshwa na vita

Wimbo huu ulizaliwa katika nchi ya Salzburg, ambayo leo ni sehemu ya Austria, nchi ya milima katikati ya Ulaya. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 vita vya Wafaransa na adui zao vilikuwa vimepita Ulaya huku na huko, hata Napoleon aliposhindwa kabisa mwaka wa 1815. Salzburg ilikuwa imetekwa, ikapewa mtawala huyu, ikanyang'anywa, ikapewa mwingine, na mwaka wa 1816 ikatiwa chini ya Austria.

Mwaka uo huo ulikuwa na msiba mwingine. Mnamo Aprili 1815 mlima wa moto uitwao Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka kwa nguvu nyingi sana. Moshi na vumbi lake vilienea angani juu ya dunia, hata jua likapungua nguvu. Mwaka wa 1816 Ulaya haikupata majira ya joto yaliyo ya desturi. Mvua na baridi viliharibu mazao, bei ya nafaka ikapanda, na maskini wakashikwa na njaa. Watu wale hawakujua habari za mlima wa mbali. Walijua tu kwamba ghala ni tupu.

Katika mwaka huo padre kijana, jina lake Joseph Mohr, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akitumika katika kijiji cha Mariapfarr milimani. Huko aliandika shairi la beti sita juu ya usiku wa kuzaliwa kwake Bwana wetu.

Yafaa tumjue mtu huyu. Mohr alizaliwa mjini Salzburg mwezi wa Desemba 1792. Mama yake alikuwa mwanamke maskini aliyepata riziki yake kwa kufuma, wala hakuwa na mume. Baba yake alikuwa askari, naye alitoroka jeshini akamwacha mama huyo kabla mtoto hajazaliwa. Zamani zile mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alidharauliwa, na milango mingi ilifungwa mbele yake. Lakini padre mmoja wa kanisa kubwa la Salzburg aliyesimamia waimbaji, Johann Nepomuk Hiernle, aliiona akili ya mtoto yule, akamtunza, akamsomesha. Hata Mohr alipotaka kuwa padre, ilimbidi kwanza apewe ruhusa ya pekee kwa ajili ya kuzaliwa kwake. Akapewa upadre mwaka wa 1815. Walimu wasomao habari hii na walikumbuke jambo hili: wimbo unaopendwa kuliko nyimbo nyingine nyingi za Noeli ulitungwa na mtoto ambaye angaliweza kuachwa nje ya mlango wa shule.

Padre na mwalimu

Mwaka wa 1817 Mohr alipelekwa Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Salzach, ambao watu wake wengi waliishi kwa kazi ya mashua zilizochukua chumvi. Mji huo nao ulikuwa na jeraha lake. Tangu kale Oberndorf na Laufen ya ng'ambo ya mto vilikuwa mji mmoja. Walakini mwaka wa 1816, wakubwa walipogawana nchi, waliufanya mto kuwa mpaka. Laufen ikawa ya Bavaria, Oberndorf ikawa ya Austria, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Jambo hili halihitaji maelezo mengi kwa wasomaji wetu, maana sisi Waafrika twaijua mito na mistari ya ramani iliyopita katikati ya jamaa moja.

Karibu na Oberndorf palikuwa na kijiji cha Arnsdorf, na mwalimu wa shule ya kijiji hicho aliitwa Franz Xaver Gruber, mwana wa mfuma kitani, aliyezaliwa mwaka wa 1787. Alikuwa mwalimu hapo tangu mwaka wa 1807. Pamoja na kufundisha, alilitunza kanisa la kijiji, na tangu mwaka wa 1816 alipiga kinanda katika kanisa la Oberndorf. Walimu wetu watamtambua mara moja: siku za kazi yuko darasani, Jumapili yuko kanisani, na mshahara wake hautoshi.

Tarehe 24 Desemba 1818 Mohr alimpa Gruber shairi lake, akamwomba alitilie sauti ya waimbaji wawili na kundi, ipigwe kwa gitaa. Gruber aliimaliza kazi siku ile ile. Usiku ule, katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, Mohr aliimba sauti ya juu na kupiga gitaa, Gruber akaimba sauti ya chini, na kundi la waimbaji likarudia maneno ya mwisho ya kila ubeti. Watu waliupokea kwa furaha. Wako wasimulizi wasemao ya kuwa panya walikuwa wametafuna kinanda cha kanisa. Hadithi hiyo ilizuka baadaye, wala Gruber hakuitaja alipoandika habari za siku ile.

Safari ya wimbo

Wimbo haukupelekwa ulimwenguni na wafalme. Ulichukuliwa na fundi wa vinanda, Karl Mauracher, aliyefika Oberndorf kwa kazi yake, akarudi na nakala yake katika bonde la Zillertal nchini Tyrol. Katika bonde hilo zilikuwako jamaa zilizosafiri na kuimba. Jamaa ya Strasser walikuwa wauza glovu, nao waliuimba wimbo huu mjini Leipzig katika Ujerumani kati ya mwaka wa 1831 na 1832. Jamaa ya Rainer waliuimba New York mwaka wa 1839.

Katika safari hiyo majina ya watungaji yakapotea njiani. Wimbo ulichapwa kama wimbo wa watu wa Tyrol, na wengine wakasema kwamba bila shaka ni kazi ya bwana mkubwa wa muziki. Mwaka wa 1854 wapigaji wa muziki wa mfalme mjini Berlin walituma barua Salzburg kuuliza asili yake. Ndipo Gruber, aliyekuwa mzee mjini Hallein, akaandika tarehe 30 Desemba 1854 maelezo mafupi ya jinsi mambo yalivyokuwa. Mohr hakuwako tena. Alikuwa amekufa tarehe 4 Desemba 1848 katika kijiji cha Wagrain, maskini wa mali, akiwa amewajengea watoto wa kijiji kile shule. Hata baada ya maelezo ya Gruber ubishi haukwisha. Mwaka wa 1995 ilipatikana karatasi yenye mwandiko wa Mohr mwenyewe, ikionyesha ya kuwa maneno ni yake ya mwaka wa 1816 na sauti ni ya Gruber. Hivyo ukweli ulithibitika baada ya miaka mingi kupita.

Siku hizi wimbo huu huimbwa kwa lugha zaidi ya 300. Wamisionari wa Kijerumani walipokuja Afrika ya Mashariki, walikuja na nyimbo za Noeli za kwao. Mji ule ule wa Leipzig, ambako wauza glovu waliimba, ulikuwa makao ya misioni ya Kilutheri iliyofika Kilimanjaro mwaka wa 1893. Kutoka mkono hata mkono wimbo ukafika katika Kiswahili chetu.

Usiku wa mwaka wa 1914

Sasa tufike kwenye jambo lililoupa wimbo huu sifa ya amani. Mwezi wa Agosti 1914 Vita Kuu ya kwanza ilianza. Ilipofika Desemba, majeshi ya Wajerumani upande mmoja, na ya Wafaransa, Wabelgiji na Waingereza upande wa pili, yalikuwa yamejichimbia mahandaki kutoka pwani ya Ubelgiji hata mpaka wa Uswisi. Mahali pengine handaki na handaki viliachana hatua chini ya mia. Askari walisimama katika matope na maji, na kati yao, penye seng'enge, walilala wafu ambao hapakuwa na mtu wa kuwazika.

Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 aliyaomba mataifa tarehe 7 Desemba yanyamazishe silaha kwa siku ya Noeli. Wakubwa wa vita hawakukubali. Jemadari mmoja wa Waingereza, Horace Smith-Dorrien, alikuwa amekwisha kutoa amri siku mbili kabla ya hapo, kwamba askari wake wasifanye urafiki wo wote na adui.

Lakini jioni ya tarehe 24 Desemba mvua ilikatika, baridi kali ikaja, matope yakagandamana. Katika sehemu nyingi za mahandaki nchini Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, Waingereza waliona mwanga mdogo mdogo upande wa pili. Wajerumani walikuwa wamesimamisha miti midogo ya Noeli yenye mishumaa juu ya kingo za mahandaki yao. Kisha wakasikia kuimba. Nyimbo zilikuwa nyingi usiku ule, na mmojawapo ulikuwa wimbo huu wa Mohr na Gruber. Waingereza na Waskoti hawakuyajua maneno ya Kijerumani, walakini sauti ya wimbo waliijua. Wengine walipiga makofi, wengine wakajibu kwa nyimbo zao. Mtu mmoja huku akapaza sauti kusalimu, mwingine kule akaitika. Asubuhi yake wengi wakatoka mahandakini mikono mitupu, wakakutana katikati.

Jambo la kwanza walilolifanya mahali pengi ni kuzika wafu. Karibu na Fleurbaix katika Ufaransa, Waingereza na Wajerumani walizika pamoja, na Zaburi ya 23 ikasomwa kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, watu wa pande zote mbili wakisimama vichwa wazi. Wakapeana tumbaku, vyakula vya makopo na vifungo vya makoti. Wakaonyeshana picha za wake na watoto wao. Mahali pengine walicheza mpira.

Wasomaji wetu wataka kujua jambo hili liliwezekanaje. Hakuna jemadari aliyewafundisha askari wale wimbo wa Noeli. Katika makambi walifundishwa kulenga shabaha na kuchoma kwa singe. Nyimbo za Noeli walikuwa wamezipata utotoni, kwa mama zao jikoni na kwa walimu wao shuleni. Ilipofika saa ile, mtu wa upande huu na mtu wa upande ule walikuta ndani yao kitu kimoja kilichotiwa mapema, kabla mmoja hajaambiwa ya kuwa mwenzake ni adui. Udongo upatilize ungali maji.

Wimbo usivyotosha peke yake

Walakini tusidanganyane. Si kila mahali bunduki zilinyamaza. Katika sehemu nyingine za mahandaki watu waliuawa siku ile ile ya Noeli. Na palipokuwa na utulivu, mahali pengine ulidumu siku moja, pengine hata Mwaka Mpya, kisha risasi zikaanza tena. Mwaka uliofuata wakubwa walitoa amri kali mapema ili jambo lile lisirudiwe, na halikurudiwa kwa kadiri ile. Vita viliendelea hata Novemba 1918, na askari zaidi ya milioni 9 walikufa.

Tena tusisahau ya kuwa vita vile vilikuwa vimefika kwetu. Mapema Novemba 1914, majuma saba hivi kabla ya usiku ule wa mishumaa, Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga. Tarehe 18 na 19 Januari 1915, majuma machache baada yake, walipigana tena Jassini, pwani, karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya wa leo. Baadaye vita vikaingia bara, vikala mazao ya watu na nguvu za watu. Waliobeba mizigo ya vita hivyo walikuwa wapagazi Waafrika. Kumbukumbu za Waingereza zaonyesha ya kuwa wapagazi wao zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na kwa uchovu wala si kwa risasi. Na Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao waliokufa njiani. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi kile cha wapagazi wa Waingereza. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mataifa yaliyoimba wimbo mmoja wa Noeli ndiyo yaliyopiga vita hivi, na mizigo yao ikavunja migongo ya watu ambao hawakuwa na ugomvi nao.

Na liko jambo lililo zito kuliko hilo. Katika Ujerumani, zamani za utawala wa Wanazi, wako walioubadilisha wimbo huu maneno yake ili wamwondoe Kristo ndani yake. Usiku wa Noeli wa mwaka wa 1942, redio ya utawala ule iliunganisha vituo vya askari wake waliokuwa mbalimbali vitani, na mwisho wa matangazo wakasikiwa wakiuimba wimbo uu huu pamoja. Siku zile zile utawala ule ulikuwa ukiwaua Wayahudi kwa maelfu na maelfu katika makambi ya mauti. Sauti ya wimbo ilikuwa ile ile ya Gruber. Utamu wake haukupungua hata kidogo. Lakini hapakuwa na amani ndani yake.

Basi, tofauti ya usiku wa 1914 na usiku wa 1942 ni nini? Mwaka wa 1914 wimbo ulivuka seng'enge. Aliyeimba alisikiwa na adui yake, naye adui akapewa nafasi ya kujibu. Mwaka wa 1942 uliimbwa ndani ya upande mmoja, kuwafariji watu wa upande ule tu, na yule wa ng'ambo hakuhesabiwa kuwa mtu. Wimbo wa amani uimbwao kwa ajili ya watu wa kwetu peke yao waweza kukaa vizuri sana kinywani mwa mwenye kuua.

Ubeti wa nne

Tumesema hapo juu ya kuwa Mohr aliandika beti sita. Vitabu vingi vya nyimbo ulimwenguni huchapa tatu tu: wa kwanza, wa pili na wa sita. Beti tatu za katikati zimeachwa, nazo hazijulikani na wengi. Katika hizo zilizoachwa umo ubeti wa nne, na neno lake ni hili: kwamba katika usiku ule upendo wote wa Baba ulimwagwa, na Yesu akawakumbatia mataifa ya dunia kama ndugu.

Tazameni, wasomaji wapenzi. Padre aliyezaliwa bila jina la heshima, katika nchi iliyotoka vitani, mwaka wa njaa, aliandika juu ya mataifa kukumbatiwa pamoja. Neno hilo ndilo walilolitenda askari wa mwaka wa 1914 walipotoka mahandakini. Neno hilo ndilo lililokosekana katika redio ya mwaka wa 1942. Nalo ndilo ambalo vitabu vingi vimeliacha. Huenda waliofupisha wimbo walitaka tu usichoshe watu. Hata hivyo yatupasa kujiuliza kwa nini sehemu ya hori na nyota ilikuwa rahisi kuikumbuka, na sehemu ya ndugu ikawa rahisi kuisahau.

Kanisa la Mtakatifu Nikolao halipo tena. Mafuriko ya mto Salzach yaliliharibu, nalo likabomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Mahali pake pamejengwa kanisa dogo la ukumbusho, lililowekwa wakfu mwaka wa 1937. Mwaka wa 2011 Austria iliuandika wimbo huu katika orodha ya urithi wa taifa lake, kwa kufuata mapatano ya UNESCO. Hayo ni mema. Lakini urithi wa wimbo hautunzwi kwa orodha wala kwa jengo. Hutunzwa mahali ulipotunzwa tangu mwanzo, yaani nyumbani na shuleni.

Neno kwa wazazi na walimu

Kwanza, mwalimu awafundishapo watoto wimbo huu, na afungue kitabu chake ahesabu beti. Kama ubeti wa mataifa haumo, awaeleze watoto maana yake kwa maneno mepesi, na awasimulie habari za Mohr, za Gruber na za mahandaki. Mtoto hasahau hadithi aliyosimuliwa pamoja na wimbo.

Pili, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa asifukuzwe katika kundi la waimbaji, wala asionyeshwe kidole na wenzake mwalimu akinyamaza. Kama Hiernle angalifanya hivyo Salzburg, wimbo huu usingalikuwako.

Tatu, mahali ambapo ushirika una watu wa makabila mawili au matatu, kila mmoja na auimbe kwa lugha ya mwenzake walau ubeti mmoja. Watoto hujifunza upesi, na wazee watacheka wakikosea matamshi, na kucheka pamoja si jambo dogo. Askari wa Kiingereza hawakuyajua maneno ya Kijerumani, lakini walikuwa na kitu cha kuanzia. Tuwape watoto wetu kitu cha kuanzia, kabla siku haijaja ambapo mtu atawaambia kwamba kabila lile ni adui zao. Siku hiyo ikija, itakuwa tumechelewa kuanza kufundisha.

Nne, na hili ni la baba na mama wa kila nyumba. Ziko nyumba ambazo zinaimba wimbo huu kila Noeli, na mpaka wa shamba uko pale pale ukigombewa mwaka wa tano. Ziko jamaa ambazo zimeacha kusalimiana kwa ajili ya mahari ambayo haijamalizika kulipwa, au kwa neno lililosemwa msibani. Watu hao huketi kanisani, mmoja upande wa kulia, mmoja upande wa kushoto, wakiimba sauti moja. Kati yao kuna seng'enge isiyoonekana. Kabla ya jioni ya Noeli mwaka huu, mwenye ugomvi na amtume mtoto kwa jirani yake na sahani ya chakula, au, iliyo bora, aende mwenyewe. Haimpasi kwanza kushinda shauri la mpaka. Shauri laweza kungoja baraza. Askari wale hawakumaliza shauri la wafalme wao. Walianza kwa kusalimu na kwa kuwazika wafu wao pamoja.

Hatusemi ya kuwa salamu moja itaondoa ugomvi wa miaka. Twajua yaliyowapata wale wa mwaka wa 1914: walirudi mahandakini, na wengi wao hawakuiona Noeli ya pili. Lakini wao walikuwa chini ya amri za majemadari, na hawakuwa na uwezo wa kukataa. Sisi katika nyumba zetu hatuna jemadari wa kutuamuru kurudi mahandakini. Tukirudi, tumerudi kwa hiari yetu.

Basi, Noeli itakapofika, tuuimbe wimbo huu kwa furaha, na watoto wauimbe kwa sauti zao zote. Lakini kabla ya kuimba, kila mmoja na atazame ni nani aliyeko upande wa pili, tena auimbe kwa namna ambayo huyo naye aweza kuusikia na kujibu.